Kinyausi, Adui wa Miche ya Tumbaku
Mkulima wa Nzega huotesha tumbaku kitaluni kabla ya mvua kuanza. Mbegu zake ni ndogo mno: gramu 1 huwa na mbegu zipatazo 10,000. Aionapo miche imelala, na mashina yameoza usawa wa udongo, asidhani kwamba ina kiu. Huo ni kinyausi, uletwao na vimelea vya udongoni kama Pythium, ambavyo hustawi penye unyevu mwingi, msongamano na kivuli. Kuzidisha maji ni kumlisha adui. Basi aing'oe miche iliyougua, apunguze iliyosongamana, amwagilie asubuhi, na apunguze matandazo ili hewa na mwanga vipenye. Mche uliokwisha kuoza hauponi. Jirani yake ndiye wa kuokolewa. Msimu ufuatao, kitalu kihamishwe.