Somo la Kwanza la Kupanda na Kushuka kwa Kamba

Vijana wa Woodley wanaopenda kupanda miamba kwa kawaida huelekea Lukenya, kando ya Barabara ya Mombasa, au mnara wa Fischer katika mbuga ya Hell's Gate, Naivasha. Kabla ya safari hiyo, jifunze mafundo ukiwa ardhini.

Anza na fundo la nane. Funga nane ukiacha mkia mrefu, pitisha mkia kwenye mkanda wako wa kupandia, kisha uurudishe ukiifuata ile nane. Mistari ikipishana, fungua uanze upya. Mwenzako alikague fundo lako, nawe ulikague lake.

Kushuka ndiko kunakohitaji hofu zaidi. Mara nyingi kamba hukunjwa mara mbili ili uweze kuivuta ukifika chini, kwa hiyo kamba ya mita 60 inakufikisha mita 30 pekee. Anayesahau hesabu hii hupitiliza ncha za kamba na kuanguka. Funga fundo katika kila ncha kabla ya kuirusha. Mkono wa breki, ulio chini ya kifaa cha kushukia, usiachilie kamba hata nyuki wakija. Egemea nyuma, panua miguu kidogo, tembea kinyumenyume. Wanaoanza hujibana kwenye mwamba, na hapo ndipo miguu huteleza.

Vaa kofia ngumu, na mkufunzi mwenye uzoefu awepo. Kamba ya kufungia mizigo haifai. Ya mitumba usiyojua imetumiwaje, iache sokoni, hata ikiwa bei rahisi.