Malezi au mfuko mtupu?

SWALI: Huku kwetu Samburu husemwa kwamba wasichana wanapata mimba mapema kwa sababu wazazi wamelegeza malezi. Je, umaskini hauna mkono?

JIBU: Unao, tena mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Samburu ilikuwa asilimia 50, Nyeri asilimia 5. Mapenzi ya wazazi kwa binti zao hayatofautiani kiasi hicho.

Kinachotofautiana ni uwezo. Ukame ukimaliza mifugo, karo hukosekana na mahari huonekana kama wokovu wa nyumba nzima. Binti asiye na pesa ya pedi hukutana na mwanamume mwenye pikipiki na noti mfukoni, na hapo kukataa ni kugumu kuliko tunavyohubiri.

Huko Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, watafiti waligawia familia za wasichana pesa kidogo kila mwezi. Baadhi walipewa kwa sharti la kuhudhuria shule, wengine bila sharti. Sharti lilisaidia masomo, lakini mimba na ndoa zilipungua zaidi kwa wasiowekewa sharti, hasa kwa sababu aliyeacha shule aliendelea kupata pesa. Ndiyo maana naona basari ya karo pekee haitoshi: aliyekwisha kuacha shule ndiye aliye hatarini zaidi, na basari haimfikii.