TAA ILE ALIITENGENEZA NANI?
Somo la majadiliano katika matawi



Katika maduka makubwa ya mijini huuzwa taa za nyumbani ambazo bei yake hupita mshahara wa mfanyakazi wa miezi mingi. Taa hizo huitwa kwa jina la mbunifu au la mwenye kampuni. Jina la aliyekata kioo, aliyekunja chuma au aliyelehemu halionekani popote. Katika somo hili tutatazama taa moja mashuhuri ya Marekani. Tutaona ilipewa jina la nani, kazi ilifanywa na nani, na chama cha wafanyakazi kilifanya nini. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi.

1. Taa yenyewe

Louis Comfort Tiffany (1848-1933) alikuwa mtoto wa tajiri wa vito wa mjini New York. Kampuni yake ilitengeneza madirisha ya vioo vya rangi, na baadaye taa za mezani. Kofia ya taa hizo ilikuwa picha ya maua, ya kereng'ende au ya tausi, iliyoundwa kwa vipande vya kioo.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza picha ilichorwa na kugawanywa vipande. Kisha mfanyakazi aliinua bamba la kioo mbele ya mwanga na kutafuta mahali penye rangi inayofaa jani hili au ua lile. Kioo kilikatwa, ukingo wake ukazungushiwa utepe mwembamba wa shaba, na vipande vikapangwa juu ya kalibu ya mti. Mwisho viliunganishwa kwa kulehemu. Taa moja ya maua ya wisteria ilihitaji karibu vipande 2,000, na kila kimoja kilichaguliwa kwa macho ya mtu. Hakuna mashine iliyoweza kuchagua.

2. Waliofanya kazi

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba Tiffany mwenyewe ndiye aliyebuni taa zote hizo. Ukweli ulijulikana baada ya wataalamu kuzisoma barua ambazo Clara Driscoll (1861-1944) aliwaandikia mama yake na dada zake. Mwaka 2007 jumba moja la makumbusho la New York lilifanya maonyesho juu ya habari hizo. Mama huyu alikuwa mkuu wa idara ya wanawake wakata vioo katika kampuni ile. Ndiye aliyebuni taa nyingi zinazosifiwa sana, pamoja na ile ya wisteria na ile ya kereng'ende. Taa ya kereng'ende ilipata medali ya shaba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900.

Hata hivyo kampuni haikuajiri wanawake walioolewa. Clara Driscoll alikuwa mjane. Mwaka 1909 alipoolewa tena, ilimbidi aache kazi. Leo taa za kampuni ile hununuliwa na matajiri kwa bei ya kutisha. Mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 3.

3. Mgomo wa 1892

Wanawake hao waliingiaje kazini? Hapa tusome kwa makini.

Mwaka 1892 Tiffany alikuwa na kazi kubwa ya kumaliza kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Chama cha mafundi wa kukata vioo na kuunga kwa risasi kikagoma. Chama hicho kilikuwa cha wanaume peke yao. Wanawake hawakuruhusiwa kujiunga. Tiffany akawaendea wasichana waliosoma katika shule za sanaa, akaanza na sita. Baada ya miaka miwili walikuwa 35.

Tusiwalaumu wasichana wale. Hawakuwa na kadi ya chama, wala hakuna aliyewaita mkutanoni. Mwajiri alipata mlango wa kuukwepa mgomo kwa sababu chama chenyewe kiliwaacha watu nje ya nyumba yake.

4. Mgogoro wa 1903

Idara ya wanawake ilipoendelea kupata kazi ya madirisha na ya taa, wanaume waliona riziki yao imo hatarini. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, maana mtu mwenye watoto hawezi kutazama tu kazi yake ikihamishwa. Mwaka 1903 chama chao kikatishia kugoma. Mwishowe wakapatana na kampuni: idara ya wanawake ibaki, lakini wasizidi 27.

Tujiulize, chama kilipata nini? Idadi ya wanawake iliwekewa mpaka, lakini hawakuingizwa katika chama. Kwa hiyo mwajiri alibaki na makundi mawili ya wafanyakazi ndani ya kampuni moja, kila moja likilitazama jingine kwa jicho la wivu. Umoja ni nguvu, na nguvu hiyo haikuwapo.

5. Mafunzo kwetu

Ndugu zetu, msidhani hayo ni mambo ya zamani ya Marekani. Tunapozunguka kuandikisha wanachama tunasikia maneno yale yale. "Hao ni vibarua tu, watapita." "Akina mama wa kufungasha bidhaa hawana haja ya chama." "Wale wameletwa na wakala, si wenzetu." Siku ya mgomo, hao hao ndio mwajiri atakaowaita. Nasi tutawaita wasaliti, hali hatukuwahi kuwapa hata fomu ya kujiandikisha.

Twasema wazi: mtu anayeshika kazi ile ile ni mwanachama wetu au ni silaha ya mwajiri. Hakuna mahali pa tatu pa kumweka. Hofu ya kupoteza kazi haiondoki kwa kuhesabu wanawake na kuwawekea mpaka. Dawa yake ni mshahara mmoja kwa kazi moja, na chama kimoja kwa wote.

Maswali ya kujadili tawini

(a) Katika bidhaa mnayotengeneza, ni mikono ya akina nani inayopita? Waandikeni wote, tangu wa stoo hadi wa kufagia.

(b) Kati ya hao, wangapi wana kadi ya chama? Wasio nayo, ni nani aliyewahi kuwaendea?

(c) Mkigoma kesho, mwajiri atamwita nani?

Jibu la swali la tatu ndilo orodha ya watu wa kuwaendea wiki hii.