Haki haiji bila shahidi

Tabora na njia ya zamani ya misafara imezoea habari za kutoka mbali. Lakini mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa habari ya mlangoni kwetu, na wengi walinyamaza.

Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mfanyabiashara, akawaendea waganga wa Kanda ya Ziwa, akaifichua biashara ya viungo vya binadamu. Alitishiwa maisha, ikabidi ajifiche. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama, kaskazini ya Tabora, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mwaka 2010 Vicky alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi.

Je, tunajifunza nini? Kwanza, mahakama haihukumu kwa uvumi, inataka shahidi. Pili, wanaomuua bibi kizee kwa sababu ya macho mekundu ni madhalimu, kwani wamehukumu bila ushahidi.

Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya jamaa zetu. Basi anayemjua muuaji mtaani kwake asingoje mwandishi kutoka Dar es Salaam. Asipopewa tuzo na watu, malipo yake yako kwa Mola wake.