Chapati, kipimo na tumbo la mtoto

Swali: Daktari, mwanangu wa miaka minne anaharisha kwa miezi, tumbo limejaa, hakui. Zahanati wanampa dawa za minyoo tu. Nimemwachisha chapati na maandazi, akapata nafuu. Nimpime wapi seliaki?
Mama, Mkolani, Mwanza

Jibu: Pole sana, mama. Huku kando ya Ziwa giadia na kichocho vipo, hivyo choo kipimwe kwanza, tena kwa makini. Kikiwa safi na mtoto bado hakui, omba rufaa ya kliniki ya watoto Bugando.

Kinachonitia wasiwasi ni hizo chapati ulizoziacha. Seliaki ni ugonjwa wa utumbo unaoletwa na gluteni, protini ya ngano na shayiri; kipimo chake cha damu hutafuta kingamwili zinazochochewa na gluteni hiyo. Asipoila, kingamwili hupungua na majibu huweza kusema hana ugonjwa kumbe anao. Kwa hiyo usimpime kesho! Daktari akikubali, arudie ngano kila siku kwa wiki 6 hivi. Akizidiwa, mrudishe hospitali mara moja.

Taja kipimo kwa jina: tTG-IgA, pamoja na IgA ya jumla (IgA ni aina ya kingamwili), kwani mwenye IgA pungufu huonekana mzima. Mara nyingi uthibitisho hutoka kwenye kinyama cha utumbo mwembamba kinachochukuliwa kwa endoskopi. Ikithibitika, ataacha ngano na shayiri, ila ugali wa mahindi au muhogo, wali na sato ataendelea kula.