Mashahidi wa Mavazi ya Kale

Nguo haidumu. Jembe laweza kulala ardhini miaka mia, na likifukuliwa hutambulika kuwa ni jembe. Lakini nguo huliwa na nondo, huoza kwa jasho, na ikichakaa hukatwa vitambaa vya kupangusia meza. Basi mtu atakaye kujua watu wa kale walivaaje, kama vile fundi ashonaye mavazi ya mchezo wa kuigiza habari za wafalme, atamwuliza nani? Picha zilizochorwa ziko, lakini picha huonyesha upande wa mbele tu. Mgongo wa vazi hauonekani, wala mishono yake. Fundi akikisia, watazamaji wote watakwenda kwao na uongo, nao watadhani wameona kweli.

Wako mashahidi wawili wawezao kumsaidia: kitabu cha mkata nguo, na orodha ya bidhaa ya mwenye duka. Na tuwahoji mmoja mmoja, maana hawasemi mambo yale yale.

Mwaka 1580, katika mji wa Madrid nchini Hispania, kilipigwa chapa kitabu cha fundi wa nguo aitwaye Juan de Alcega. Ni kimoja katika vitabu vya kale kabisa vya kazi hiyo vilivyopigwa chapa. Ndani yake mna michoro mingi: joho, kanzu za wanawake, mavazi ya makasisi, hata bendera. Lakini ukikifungua hutaona mtu aliyevaa. Utaona mstatili, yaani kitambaa kilichotandazwa, na juu yake vipande vya vazi vimepangwa karibu karibu, kama samaki katika kapu.

Kwa nini alichora hivyo? Siku zile mteja alinunua kitambaa mwenyewe, akampelekea fundi. Kitambaa kilikuwa na thamani kubwa. Fundi akitaka kingi mno, mteja humshuku wizi. Akitaka kidogo, vazi halitoshi. Tena upana wa vitambaa haukuwa mmoja. Kipimo cha Alcega kiliitwa bara, nacho ni kama inchi 33. Nguo ya sufi iliweza kuwa na upana wa bara 2, yaani inchi 66. Hariri ilikuwa na upana wa theluthi mbili za bara, yaani inchi 22 tu. Kwa hiyo joho lile lile lilitaka hariri ndefu kuliko sufi mara 3 hivi. Alcega akaandika vipimo kwa herufi, moja ya nusu, moja ya theluthi, moja ya robo, nyingine za sudusi na thumni, akatia na majedwali ya kugeuza upana mmoja kuwa mwingine.

Mimi humwamini sana shahidi huyu, kwa kuwa hesabu yake ikikosa, hasara ilionekana mezani siku ile ile. Tazama tena vipande vidogo vya pembe tatu alivyochora pembeni. Mshona kanzu wa pwani atavitambua mara moja, maana vyafanana na taharizi, vile vipande virefu viongezavyo upana wa kanzu kwa chini. Pale kitambaa kilipopunguka, fundi aliunga kwa mabaki. Fundi wa leo, mwenye kitambaa kipana, hutamani kuiacha mishono hiyo kwa kuiona ni kasoro. Akiiacha, vazi lake si la wakati ule tena.

Lakini Alcega hasemi nguo ilishonwaje, wala bitana ilikuwa ya nini, wala ndani kulijazwa nini. Hayo kila fundi alijifunza kwa mkono wa bwana wake. Ndiyo sababu Janet Arnold, mwanamke wa Uingereza aliyefariki mwaka 1998, alikwenda kuzipima nguo zenyewe chache zilizosalia katika majumba ya makumbusho, akachora kila kipande na kila mshono. Kitabu chake cha mwaka 1985 chaeleza mavazi ya miaka ya 1560 hadi 1620. Hapo mtu aweza kuweka mchoro wa Alcega kando ya vazi lililovaliwa kweli, akaona yanapopatana.

Shahidi wa pili ni kijana kuliko huyo. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago, nchini Marekani, alitoa karatasi moja yenye majina ya bidhaa na bei, awauzie wakulima kwa njia ya posta. Baadaye Sears, Roebuck wa mji huo huo wakashindana naye. Katalogi yao ya mwaka 1897 ilipita kurasa 700. Humo mna viatu, kofia, nguo za kazi na za arusi. Mteja alielezwa namna ya kujipima kifua na kiuno, akaandika hesabu katika fomu.

Katalogi yatuambia bei, aina ya kitambaa, rangi na majina. Na mavazi ya kazi, ambayo wachoraji wa wafalme hawakuyajali, humo yamo. Walakini mwenye duka ataka kuuza. Wanawake katika picha zake wana kiuno cha nyigu, wala nguo haina kunyanzi hata moja. Kwa hiyo soma maneno kwanza, picha baadaye. Tena nguo iliyouzwa mwaka 1897 huenda ilivaliwa miaka kumi, ikapunguzwa, akapewa mtoto. Na mkulima asiyekuwa na fedha hakununua kitu. Huyo hayumo katika katalogi wala katika kitabu cha Alcega.

Majina nayo huponyoka. Sisi tunalo neno merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa Unguja na wafanya biashara wa Salem, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, viliidhoofisha biashara hiyo, na baadaye vitambaa vya viwanda vya India vikashika nafasi; jina la merikani likabaki. Asomaye jina hilo katika hesabu ya duka asikimbilie kusema kitambaa kilitoka Marekani.

Sasa jaribu mwenyewe. Twaa karatasi mbili ndefu, moja ya upana wa inchi 6, ya pili inchi 2. Kata vipande vidogo vya shati: mbele, mgongo, mikono miwili na ukosi, kila kimoja kisizidi upana wa inchi 2. Vipange juu ya karatasi ya kwanza, kisha juu ya ya pili, bila kupandana. Pima urefu uliotumika katika kila karatasi, uandike pia ni pembe ngapi zilizobaki bure.