Kupeleka jeni kwenye kibofu bila virusi

Wengi wetu tukisikia “tiba ya jeni” tunadhani binadamu anaumbwa upya maabara. Katika somo hili la maadili ya tiba tunachukua mfano mmoja, saratani ya kibofu cha mkojo, ili tuone kinachofanyika kabla ya kuhukumu.

Jeni ni maelekezo yanayoiambia seli itengeneze protini gani. Seli ikipewa maelekezo mapya, inaweza kutengeneza dawa yenyewe. Shida ni usafiri, maana DNA tupu haiingii ndani ya seli kwa urahisi. Virusi ni mabingwa wa kazi hiyo, na dawa ya jeni ya kibofu iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2022 hubebwa na virusi visivyoweza kuzaliana. Lakini mwili hujifunza kupambana na virusi, na kuviandaa ni ghali.

Njia nyingine hutumia plazmidi, yaani pete ndogo ya DNA kama zile za bakteria. DNA ina chaji hasi. Ikichanganywa na kitu chenye chaji chanya, hushikana nacho na kuwa punje ndogo sana ambazo seli huzimeza. Kitu hicho chaweza kuwa mafuta maalumu, au kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Dawa ya majaribio iitwayo detalimogene hutumia kitosani. Plazmidi yake huzifanya seli zitoe interlukini 12, protini inayoamsha kinga ya mwili. Protini hiyo ilipochomwa kwa wagonjwa katika majaribio ya miaka ya 1990 ilileta madhara makubwa. Kibofu kina nafuu yake: dawa huingizwa kwa mpira wa mkojo, hukaa humo kwa muda, kisha mgonjwa hukojoa.

Mfano unaotuvutia zaidi umetoka Chuo Kikuu cha Kiebrania, Yerusalemu. Jeni ya H19 huwaka mtoto akiwa tumboni mwa mama, baadaye huzimika karibu mwili mzima, lakini katika seli nyingi za saratani ya kibofu huwaka tena. Watafiti waliunganisha swichi ya H19 na jeni ya sumu ya dondakoo. Plazmidi inaweza kuingia hata kwenye seli zenye afya, ila sumu hutengenezwa pale tu swichi ilipowashwa. Katika matokeo ya 2014, uvimbe ulioachwa makusudi ili kupima dawa ulitoweka kwa theluthi moja ya wagonjwa. Si muujiza, lakini si haba.

Kanisa linasemaje? Hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 inatofautisha mambo mawili. Kutibu seli za mwili wa mgonjwa ni halali kimsingi, mradi hatari isizidi kiasi na mgonjwa akubali akijua. Kubadili seli za uzazi, ambako madhara yanaweza kumfikia mtoto, hakukubaliki katika hali ya sasa. Tiba tuliyoieleza iko upande wa kwanza.

Kwa maoni yetu, swali gumu zaidi ni la haki. Dawa hizi zimejaribiwa hasa kwa saratani ya aina inayoenea Ulaya na Marekani, inayohusishwa sana na sigara. Barani Afrika saratani ya kibofu mara nyingi hutokana na kichocho: mayai ya minyoo hubaki kwenye ukuta wa kibofu, huuchubua kwa miaka mingi, na saratani inayozuka ni ya aina nyingine. Sisi wa Sepuka hatuwezi kungoja plazmidi. Kijana anayekojoa damu baada ya kuogelea lamboni asiambiwe kwamba anakua. Apelekwe zahanati, na mkojo wake uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Akikutwa nayo, dawa yake ni prazikwanteli.